Hongo Haikulipwa

Asmahani alipewa siku kumi na nne za kuripoti kazini, na nne kati ya hizo zilipita bila yeye kuwa na habari, kwa sababu bando lilikuwa limekwisha na mtandao wa Ibambala hukamata pale unapojisikia. Alipoona jina lake kwenye orodha ya wauguzi waliopangiwa vituo, zahanati moja huko upande wa Kaliua, alikaa kizingitini akalia. Mama yake, Sikuzani, alitoka jikoni na mwiko mkononi akidhani kuna msiba. Miaka mitatu binti huyu alikuwa nyumbani na cheti chake kwenye mfuko wa nailoni, anapalilia karanga na kuwapima wazee presha bure. Sasa serikali imemwita kwa jina. Ungekuwa wewe usingelia?

Furaha yenyewe haikufika jioni. Barua ilitaka namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na namba ya Asmahani ilikuwa haijatoka tangu alipojaza fomu mwaka juzi. Alipopiga simu kuuliza, akaambiwa ombi lake limesimamishwa kwa ajili ya uhakiki wa uraia, aende kwa afisa uhamiaji Tabora mjini akiwa na mzazi. Asiporipoti kituoni ndani ya siku zile, nafasi inapewa mtu mwingine. Hilo liliandikwa kwa herufi nzito, chini ya barua, mahali ambapo hata mvivu wa kusoma angeliona.

Kesho yake Adinani, baba yake, alivaa shati lake la Idi, wakatembea nusu saa hadi Tura, wakapanda basi la Tabora. Adinani ni mkulima wa karanga na mpunga, ana mizinga yake ishirini porini, na hajawahi kuitwa ofisi yoyote kwa kosa. Njia nzima aliuliza swali moja kwa namna tofauti tofauti, kwamba uraia wao una kasoro gani, na njia nzima Asmahani alimjibu kwamba hajui.

Afisa waliyemkuta alikuwa kijana mpole, mtu wa Songea kwa maneno yake mwenyewe. Aliwakaribisha viti, akafungua faili, akamuuliza Adinani marehemu baba yake alikuwa mtu wa wapi.

"Wa Ibambala," Adinani akasema. "Mnyamwezi. Kaburi lake lipo."

Afisa akageuza karatasi na kuisukuma mezani. Ilikuwa kivuli cha ukurasa wa rejesta ya kijiji, ile iliyoandikwa mwaka sabini na tano watu walipokusanywa kwenye vijiji. Mwandiko wa mkono, mzuri ajabu, herufi zimelala upande mmoja. Kaya namba arobaini: Mnyamwezi, Tura. Kaya namba arobaini na mbili: Mnyamwezi, Tura. Katikati yake, kaya namba arobaini na moja: Idrisa Mabruki. Kabila: Mmanyema. Alikotoka: Kongo. Na kwenye safu ya maelezo: Aliachwa na msafara, hongo haikulipwa.

Adinani alisoma mara mbili, midomo ikitembea. Afisa alimwacha amalize, kisha akamuuliza, tena kwa upole, ni hongo gani hiyo ambayo baba yake hakuilipa, na nani aliyeidai. Maana kwa jinsi alivyoielewa yeye, mtu ameingia nchini kutoka Kongo, amedaiwa rushwa ili aandikwe, hakutoa, na karani akaona aliweke jambo hilo kwenye kumbukumbu. Adinani akairudisha karatasi katikati ya meza. Alisema hajui. Alisema tena hajui. Mtu asiye na hatia akisema hajui mara mbili mbele ya meza ya serikali, hata yeye mwenyewe anaanza kujitilia shaka.

Afisa akasema hamfukuzi mtu nchini, asiogope. Anachotaka ni kielelezo kinachoonyesha babu mtu alizaliwa wapi, kwa sababu hicho kilichopo kinasema Kongo. Asmahani akauliza kama kielelezo kinaweza kupatikana ndani ya siku tisa. Afisa akamtazama kwa huruma, akamwambia hilo waulizane wao.

*

Pale Ibambala wazee hawana vyeti vya kuzaliwa. Walizaliwa msimu wa nzige, au mwaka wa njaa fulani, basi. Kwa hiyo mtu akihojiwa ukoo wake ni wa wapi, tegemeo ni rejesta ile moja, yenye jalada la kijani lililoshonwa upya kwa uzi wa gunia, inayokaa kwenye kabati la mtendaji wa kijiji. Mtendaji ni dada mmoja anaitwa Elieth, mgeni kutoka Kasulu, mtu wa haki, na ndiye aliyepeleka kivuli cha ukurasa ule Tabora alipoombwa. Alimfungulia Adinani rejesta bila kinyongo. Akamwambia kama lingekuwa jambo la kufuta kwa kifutio angefuta, lakini ni wino wa serikali.

Habari za kijiji unazijua. Kabla jua halijazama, Ibambala nzima ilikuwa imeshasikia kwamba kina Adinani ni Wakongo. Watu hawakuwa na ubaya, walikuwa wanachangamka tu. Kwenye bomba la maji mwanamke mmoja alimwomba Sikuzani awachezee kidogo, maana Wakongo wana viuno. Wenzake wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Sikuzani naye akacheka, akajitwika ndoo yake, akaenda kulia nyuma ya choo. Watoto wa shule wakaanza kumwamkia Adinani kwa Kilingala, "mboté". Hakuwa na la kuwafanya. Ukimkaripia mtoto kwa hilo utaonekana limekuuma, na likikuuma maana yake ni kweli.

Doto, mdogo wake Sikuzani aliyeolewa papo hapo kijijini, ndiye aliyekuja jioni hiyo na bakuli la mlenda na maneno ya kuwachangamsha. Yeye na Adinani ni mashemeji wa kutaniana, tangu enzi. Akasema alijua siku nyingi shemeji yake si mtu wa hapa, ndiyo maana hana haya, lakini dada yake amekwisha kuzaa naye, warudishe mahari wapi. Adinani akashindwa kucheka. Doto alipoona hivyo akaacha mzaha, akasema waende kwa Mzee Masolwa. Yeye ana miaka zaidi ya themanini, na alikuwepo watu walipoandikishwa.

Masolwa walimkuta anamenya karanga uani, mguu wake mbovu ameunyoosha kwenye jamvi. Alipoambiwa maneno yaliyoandikwa kwenye rejesta kifua kikaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka, mzee wa watu, machozi yanamtoka.

Akasema aliyeandika ni Chilongani, Mgogo, karani wa operesheni ile ya vijiji. Mgogo na Mnyamwezi ni watani, hata mtoto anajua hivyo, ila labda hajui kwa nini. Zamani misafara ya Wanyamwezi ikienda pwani na pembe ilipita Ugogo, na watemi wa Kigogo walidai hongo. Si rushwa hii ya leo, ilikuwa ushuru wa njia, nguo na shanga, ndipo upewe maji na ruhusa ya kupita. Asiyelipa haondoki. Basi Mgogo akikutana na Mnyamwezi mpaka leo humwambia, wewe babu yako aliachwa rehani kwetu, hongo haikulipwa, wewe mali yangu. Siku ile ya kuandikisha, Idrisa alikaa mbele ya meza akamwambia Chilongani amwandike kwa herufi nzuri, asimwandike kwa mwandiko wa wala mlenda, yaani wa Kigogo. Chilongani akamjibu kwamba atamwandika anavyostahili. Akaandika, kisha akawasomea watu wote kwa sauti. Wakacheka, na Idrisa akacheka kuliko wote. Na neno Mmanyema je? Masolwa akasema hilo lilikuwa la kukolezea tu.

"Sasa hawakulifuta baadaye?" Asmahani akauliza.

"Nani angejua, mjukuu wangu, kwamba kuna siku daftari lile litasomwa na mtu asiyecheka?"

*

Siku ya nane walikuwa Tabora tena, safari hii kwenye nyumba ya Bi Zeyana, mitaa ya zamani ya mjini. Marehemu baba yake, Mwarabu wa hapa hapa Tabora, ndiye aliyefungisha ndoa za Waislamu wa mjini na vijiji vya reli kwa miaka mingi, na kila ndoa aliiandika kwenye kitabu chake kwa hati za Kiarabu. Idrisa aliwahi kusema kwamba alioa kwa sheikh huyo. Basi wakaja kubahatisha.

Bi Zeyana hakuwa na haraka. Aliwapa kahawa, akatafuta miwani, akaikosa, akamkuta nayo mjukuu wake Sheima, akafungua vitabu vitatu kimoja baada ya kingine huku akisoma majina ya watu waliokwisha kufa na kueleza nani alimwacha nani na kwa nini. Asmahani alikuwa anahesabu saa. Ofisi inafungwa saa tisa na nusu. Ilipofika saa saba na robo, kidole cha bibi kikasimama.

"Idrisa bin Mabruki, Mnyamwezi, mzaliwa wa Tura," akasoma. "Mahari ng'ombe watatu na doti mbili. Mwaka sitini na nane."

Adinani akashusha pumzi. Bi Zeyana, kwa wema tu, akauliza huyo Mabruki alikuwa mwana wa nani, maana baba yake sheikh alikuwa na kawaida ya kuandika mpaka jina la babu, na hapa ameishia Mabruki. Adinani akasema hajui. Bi Zeyana akavua miwani. Akasema zamani jina hilo walipewa sana watu wa majumbani, wale waliotoka mbali, lakini si lazima, wapo waungwana wengi walioitwa Mabruki. Akamwongezea kahawa. Ilikuwa hisani ile inayouma kuliko tusi.

Walipokuwa wanakwenda uhamiaji kwa miguu, Adinani alirudia moyoni maneno ya bibi: watu wa majumbani, yaani watumwa. Masolwa alisema lilikuwa la kukolezea. Lakini Chilongani aliliokota wapi neno Mmanyema, katika makabila yote ya dunia? Je, kama kulikuwa na jambo ambalo wakubwa walilijua, wakawa wanalipitisha kwa kicheko? Yeye babu yake, huyo Mabruki, alimwona mara moja tu, amelala kitandani, na hakumwuliza kitu. Nani anamwuliza babu yake, wewe unatoka wapi? Alitamani kumwambia Asmahani, akaona mtoto ana mzigo wake wa kutosha.

Afisa alipiga picha ukurasa wa kitabu cha ndoa walichoazimwa na Bi Zeyana, akamsikiliza Asmahani akieleza habari ya hongo na utani mwanzo mpaka mwisho, na alipofika mwisho alikuwa anatabasamu.

"Mimi nimekuelewa kabisa," akasema. "Hata sisi Wangoni tuna watani zetu, tunazikana nao. Lakini kwenye fomu hakuna sehemu ya utani, dada yangu."

Kitabu cha sheikh ni kizuri, akasema, ila ni cha mtu binafsi, na rejesta ni ya serikali. Vikipingana, ya serikali inashinda, labda aliyeiandika aje mwenyewe, akiwa hai, atoe maelezo kwamba maneno yale si kweli. Akawauliza kama yu hai. Baba na mwana wakatazamana.

*

Chilongani alikuwa hai, ila kumpata kulikula siku mbili. Masolwa alisema alihamia Manyoni. Mtu wa Manyoni akasema hapana, alikwenda kwa binti yake aliyeolewa Urambo, kwenye tumbaku. Elieth ndiye aliyepiga simu kwa watendaji wenzake mmoja mmoja, kwa salio lake, mpaka akapatikana. Doto naye alitoa elfu ishirini aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya fomu za mwanawe Alamin, ambaye amemaliza kidato cha sita na anatakiwa kuomba mkopo wa chuo. Akamwambia Asmahani asimrudishie mpaka apate mshahara wa kwanza, na arudishe na kitenge juu.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, Adinani na Asmahani walifika kwenye nyumba moja nje ya mji wa Urambo, ua mzima umejaa majani ya tumbaku yaliyofungwa mafungu. Mzee mrefu, mkavu, masikio yametobolewa kwa desturi ya Kigogo, alikuwa anayachambua kwa kuyanusa. Adinani akamshika miguu kwa adabu zote, shikamoo mzee, mimi ni Adinani, mtoto wa Idrisa wa Ibambala.

Mzee hakuitikia marahaba. Alimtazama kuanzia juu mpaka chini, akamwita binti yake aliyekuwa ndani.

"Njoo uone. Mtumwa wangu amekuja mwenyewe. Miaka yote nasubiri hongo, leo imekuja na miguu."

Na kabla hawajaketi akawa amemwagiza Adinani amchotee maji, ambebee fungu la tumbaku, amfunge kamba ya kiatu. Adinani alifanya yote. Mtani hakasirikiwi, hiyo ndiyo sheria, na ukikasirika umejiaibisha wewe na ukoo wako. Alikaa anacheka kwa meno tu, huku akikumbuka kwamba basi la mwisho la Tabora linaondoka saa tisa. Kila alipofungua mdomo kusema shida yake, mzee alimkata kwa mzaha mwingine. Alimuuliza kama siku hizi Wanyamwezi wamejifunza kuvaa viatu. Alimuuliza Asmahani kama yuko tayari kuwa mke mdogo, afidie deni la babu yake. Nusu saa ikapita hivyo. Asmahani ndiye aliyeshindwa. Akatoa karatasi kwenye mfuko wake wa nailoni, akaiweka kwenye mapaja ya mzee, juu ya tumbaku.

Chilongani akaitambua kabla hajasoma. Akapitisha kidole juu ya herufi zake mwenyewe, taratibu. Asmahani akamweleza yote, kazi, siku kumi na nne, siku nne zilizobaki, afisa, Kongo. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mzee ulivyobadilika.

"Ulikuwa utani," akasema.

"Najua, babu."

"Baba yako alicheka," akamwambia Adinani, kana kwamba amebishiwa. "Alicheka sana. Jioni akaniletea asali."

Adinani akasogea karibu. Akauliza lile lililokuwa linamsumbua, kwa sauti ya chini ili Asmahani asisikie, na Asmahani alisikia. Kwa nini Mmanyema?

Mzee akafikiri. Akasema hakumbuki. Labda alisikia mahali, labda lilimjia tu pale mezani, Kongo ilikuwa mbali na ilichekesha. "Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne," akasema. "Nilikuwa na kalamu ya serikali na watu wananisikiliza. Sikuwa najua kitu kuhusu babu zenu. Hata sasa sijui."

Halikuwa jibu, na Adinani hatapata lingine. Mzee alikuwa ameshasimama, anatafuta koti.

*

Ofisini, siku ya kumi na moja, Chilongani alikaa wima kama karani. Alivaa koti la kijivu na kalamu mbili mfukoni. Afisa alimuuliza kama mwandiko ni wake, akasema ni wake. Alimuuliza kama maelezo ya kaya namba arobaini na moja ni ya kweli.

"Si ya kweli. Nilitania."

Afisa akaacha kuandika. Akamweleza, kwa heshima na taratibu, kwamba anachokisema kina uzito. Anakiri kwamba akiwa mtumishi aliandika taarifa za uongo kwenye kumbukumbu za serikali. Inaweza kumletea maswali. Akamuuliza kama anataka kufikiri kwanza, au kuzungumza na wanawe.

Mzee alitazama mikono yake. Adinani alikuwa amekaa nyuma yake, anaona shingo tu. Huyu ni mtu aliyefanya kazi ya ukarani maisha yake yote na kusifiwa kwa mwandiko. Njiani alikuwa amewasimulia kuhusu cheti cha utumishi bora walichompa alipostaafu, kimetundikwa kwa binti yake juu ya redio.

"Andika," akasema. "Andika kwamba Chilongani aliandika uongo. Idrisa alikuwa mtu wa Ibambala, mtani wangu. Nilipofiwa na mke wangu alitembea siku mbili kuja kuliingia kaburi kabla ya maziko, kama watani wanavyofanya, akatutukana wafiwa wote mpaka tukacheka. Mtu wa Kongo angejua hayo?"

Afisa akaandika. Alipomaliza alimsomea, mzee akaweka sahihi, na hata sahihi ile ilikuwa nzuri. Afisa akagonga muhuri kwenye faili la Asmahani, akasema maombi yatafunguliwa leo hii na namba itatoka kesho asubuhi, anaweza kuanza kufunga mizigo. Asmahani alimshika baba yake mkono, akaubana. Ingeishia hapo, tungeshukuru wote.

Lakini afisa hakufunga kalamu. Alikuwa anakitazama kile kivuli cha ukurasa, kaya arobaini, kaya arobaini na mbili.

"Mzee wangu, nikuulize jambo moja kwa kazi yangu. Ulimtania Idrisa peke yake?"

Chilongani aliutazama ukurasa. Angeweza kusema ndiyo, na hakuna ambaye angembishia. Ila alikuwa ndiyo kwanza ametia sahihi, na mzaha ulikuwa umemtoka mwilini wote.

"Hapana," akasema. "Kijiji kizima walikuwa watani zangu. Niliwatania wengi. Wengine niliwageuza majina, wengine niliwapa makabila. Siku tatu tulicheka pale."

"Kina nani?"

"Sikumbuki, mwanangu. Kaya mia mbili na kumi na mbili. Nitakumbukaje?"

Afisa akajipangusa uso kwa kiganja. Akasema, kama mtu anayejieleza mwenyewe, kwamba hawezi kuendelea kuitumia rejesta ambayo mwandishi wake amekiri mbele yake kwamba imechanganywa uongo na haijulikani wapi. Itabidi amwandikie mtendaji, rejesta ya Ibambala isitumike kama kielelezo cha mtu yeyote mpaka ihakikiwe yote. Asmahani akauliza uhakiki huo unachukua muda gani. Afisa akasema hajawahi kuona ukifanyika.

Adinani alikuwa anamfikiria Alamin, mtoto wa Doto. Naye hajapata namba ya NIDA, na dirisha la mikopo linafungwa mwisho wa mwezi. Alitaka kusema, bwana afisa, tafadhali, ngoja kwanza. Lakini faili la mwanawe lilikuwa bado mezani, muhuri haujakauka, na aliogopa kwamba akifungua mdomo huenda kijana yule akafikiri upya. Aliinamisha kichwa, akakaa kimya mpaka faili likafungwa na kuwekwa kabatini.

Nje, Chilongani aliaga bila kumtania mtu. Alimpa Asmahani mkono, akamtakia kazi njema, akaelekea stendi peke yake. Adinani alimfuata amsindikize, mzee akamwambia kwa ishara arudi.

*

Namba ilitoka siku ya kumi na mbili, saa tatu asubuhi, kwa ujumbe wa simu. Sikuzani alipiga vigelegele vilivyosikika mpaka kwa Masolwa. Wale wale wa bombani ndio waliokuja na mchele na kuku, wanamkumbatia Asmahani, wanasema walijua tu, Wakongo gani hawa, watu tumekua nao. Asmahani alikuwa anatabasamu na kumtazama baba yake. Njiani kurudi kutoka Tabora alikuwa amemwambia wamweleze mama mdogo, Doto, mara watakapofika, kabla barua haijafika kwa Elieth. Adinani akasema atamweleza yeye mwenyewe. Jioni ile hakusema. Alijiambia kwamba Doto alikuwa amelala.

Sasa Doto yuko jikoni na dada yake, mikono imejaa unga, sauti iko juu kuliko ya wote. Alipomwona Adinani mlangoni akamwita ndani. Akasema kwa kuwa wamekwisha kuijua njia, wamwelekeze na Alamin. Kesho kutwa anampeleka mjini, kwa afisa yule yule mpole. Yeye mambo yake si magumu kama yao. Elieth ameshamwangalizia, kaya namba hamsini na saba, safi kabisa, Mnyamwezi wa Tura, hakuna msafara wala nini. Anachohitaji ni kivuli cha ukurasa tu.

Sikuzani akasema Adinani amsindikize, si anajuana na afisa. Wanawake wote wakamtazama. Asmahani alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, anamngoja.

"Doto," akasema Adinani. "Ile rejesta haifai tena. Wameikataa yote. Kwa sababu yetu."

Doto alimtazama mara moja tu, akatupa kichwa nyuma, akacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu kwa mikono yenye unga. Akawaambia wenzake wamwone shemeji yake, siku mbili na Mgogo zimemtosha, amerudi na utani wa kutisha watu. Jiko zima likacheka.

Adinani akasubiri wamalize, ili aseme tena.